Nilifika Passeig de Gràcia, Nikaangalia Chini

“Dada, simama basi. Watu wanatuangalia.”

Mdogo wangu aliisema kwa ile sauti ya kuomba aliyokuwa nayo tangu utotoni, kila nilipobishana na kondakta mbele ya wenzake wa shule. Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya njia ya waenda kwa miguu, Passeig de Gràcia, Barcelona, saa nne asubuhi, nimevaa raba na koti la kuazima, mkononi nina futikamba. Ndiyo, nilisafiri na futikamba. Kuna mafundi cherehani wanaosafiri na tepu shingoni, mimi nisisafiri na yangu mkobani?

Umati uliotuzunguka ulikuwa umeinua simu juu. Wote walikuwa wanapiga picha nyumba maarufu, ile yenye vibaraza kama mafuvu ya kichwa na paa lenye magamba ya rangi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia alichokanyaga. Nami kilichonifanya nichuchumae ni hicho alichokikanyaga kila mtu: kigae cha saruji chenye pembe sita.

Nieleze kwanza mimi ni nani, la sivyo mtaniona mshamba tu. Ushamba upo, siukatai, lakini siku ile kulikuwa na sababu nyingine.

Nina kiwanda Kizota, Dodoma. Kiwanda ni neno kubwa. Ni uzio wa mabati, mashine moja ya kufyatulia, kalibu za plastiki za maumbo manne, tanki la lita elfu tano, vijana wanne, na mzee mmoja ambaye ni injinia wangu, mwalimu wangu na mpinzani wangu mkuu. Tunafyatua matofali ya kujengea na pevingi, vile vigae vya saruji vya kutandika uwanjani. Matofali yanalipa mishahara, pevingi ndizo zinazotulisha. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, kila mwenye uwanja anataka pevingi: nyumba za kulala wageni, makanisa, misikiti, baa, ofisi. Vumbi la Dodoma halijui cheo cha mtu. Upepo wa Agosti ukianza, suti ya mkurugenzi na kanzu ya shehe zinakuwa rangi moja.

Kwa hiyo mdogo wangu, aliyekwenda Hispania kusoma, aliponialika kwenye mahafali yake, nilisema nitakwenda, na moyoni nilikuwa nimeshajiwekea ajenda yangu. Yeye alipanga kunionyesha majumba na maduka. Mimi nilitaka kuona wenzetu wanatandika nini chini.

Nitawaambia nilichokiona, maana mzee wangu wa Kizota alinihoji wiki nzima na bado hajaridhika.

Kigae kile ni kikubwa kuliko viganja vyangu viwili vikiwekwa pamoja, kina rangi ya kijivu inayokaribia kijani, na juu yake kumechorwa mistari. Ukikitazama kimoja, huelewi. Kona hii kuna kipande cha kitu kinachojiviringa, kona ile kuna vijimkono, kwingine kuna kitu kama majani. Lakini vigae vyote ni vilevile, vimetoka kalibu moja, na vikikutanishwa kwa kuzungushwa, vile vipande vinaungana: hapa anatokea konokono wa baharini, pale kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, kule mwani. Ili uone mchoro mzima unahitaji vigae saba, kimoja katikati na sita kukizunguka.

Kalibu moja! Nilirudia neno hilo mpaka mdogo wangu akachoka. Mtu mwingine angetengeneza kalibu tatu, moja ya konokono, moja ya kiti cha pweza, moja ya mwani, kisha vibarua wangezichanganya vibaya na mchoro ungeharibika. Huyu aliweka akili yote ndani ya kalibu moja, kazi ya kibarua ikabaki kupanga tu.

Aliyekichora ni Antoni Gaudí, mwanzoni mwa karne iliyopita, na aliyekifyatua ni kampuni ya Escofet ya hukohuko Barcelona. Kilikusudiwa kwa ajili ya sakafu za Casa Batlló, ile nyumba ya mafuvu, lakini hakikutumika mle. Kikaenda kutandikwa ndani ya nyumba nyingine aliyoijenga juu zaidi kwenye mtaa huohuo. Katika miaka ya 1970 jiji likakichukua, likakitandaza nje, kwenye njia ya miguu. Yaani kilikosa nyumba kiliyochorewa, mwisho kikapewa mtaa.

Na hiki ndicho kilichoniuma: kile kigae hakijachomwa tanuruni. Si marumaru, si kauri. Ni saruji, mchanga na rangi, vikashindiliwa kwa nguvu kwenye kalibu, kisha kikaachwa kikomae kwa maji. Ni ndugu wa pevingi zangu, baba mmoja mama mmoja. Tofauti ni kwamba mwenzangu alimwekea konokono.

Basi nikasimama, kwa ajili ya heshima ya mdogo wangu, tukaendelea na matembezi kama watu wengine.

Mtaa wenyewe una urefu wa zaidi kidogo ya kilomita, unapanda taratibu kutoka uwanja wa Plaça de Catalunya kwenda Gràcia. Gràcia ilikuwa mji unaojitegemea, ikaja kumezwa na Barcelona mwaka 1897, na hapo zamani njia hii ilikuwa inakatiza mashamba. Barcelona ilibanwa ndani ya kuta za ngome hadi mwaka 1854 zilipoanza kubomolewa. Hebu fikiria mji uliojaa mpaka nyumba zinapandiana, halafu siku moja ukuta unaanguka na mbele yenu kuna uwanda mtupu. Mhandisi Ildefons Cerdà akachora mpango wa kuujaza uwanda ule: mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu, kila kitalu kina mita 113 upande, na kila pembe ya kitalu imekatwa.

Hizo pembe zilizokatwa ndizo nilizozipenda kuliko hata majumba. Ukifika njia panda, badala ya kukutana na kona kali ya ukuta, unakuta uwazi. Hewa inapita, dereva anamwona anayevuka, mzigo unashushwa bila kuziba barabara. Cerdà alikuwa na mashine za mvuke akilini, alitaka ziweze kukata kona. Bodaboda wetu wangemshukuru.

Kuna jambo kwenye historia ya mpango ule ambalo mtu wa Dodoma atacheka kidogo, halafu atanyamaza. Manispaa ya Barcelona iliendesha shindano lake mwaka 1859, ikampata mshindi wake, na Serikali iliyoko Madrid ikasema hapana, tumieni mpango wa Cerdà. Wenyeji walinuna miaka. Halafu mpango wenyewe haukufuatwa. Cerdà alitaka vitalu vijengwe pande mbili tu, katikati kubaki bustani. Wenye viwanja wakajenga pande zote nne, wakapandisha ghorofa, na bustani zikaishia kwenye makaratasi.

Sisi wachoraji wetu walitoka Toronto. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa mamlaka ya kuujenga mji, na mwaka 1976 kampuni ya Kanada iitwayo Project Planning Associates ikatoa mpango kamambe. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi enzi hizo, na nyumbani kulikuwa na ramani moja kuukuu aliyoipata sijui wapi, iliyotumika kufunikia madaftari yetu. Nimekua nikiuona mji wangu kama mistari ya kijani kwenye jalada la daftari la hisabati.

Nilichokuja kukijua ukubwani ni kwamba wale wapangaji walikataa kwa makusudi kuchora mtaa kama Passeig de Gràcia. Mji mkuu wa ujamaa haukutakiwa kuwa na njia moja kubwa ya fahari yenye mnara mwisho wake. Dodoma ilitakiwa iwe kijiji kikuu katika taifa la vijiji: mji unaofuata vilima vyake, vitongoji vyenye shule na soko lake, watu waende kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Waliona fahari ni mambo ya wakoloni na matajiri. Sisemi walikosea. Kila ninapoliona gari la mtu mmoja limesimama kwenye foleni naona walijua kitu. Ila kijiji nacho kina mahali watu wanapopita jioni wakiwa wamevaa vizuri, ili waonane. Hilo sidhani kama walilichora.

Narudi Barcelona.

Majumba yote siwezi kuyasimulia, na kusema kweli mengine niliyapita. Matatu yaliyo jirani ndiyo yanayovuta watu, na yana jina la pamoja linalomaanisha kitalu cha ugomvi, kwa sababu kila moja limejengwa kama linamtukana jirani. Namba 35 ni Casa Lleó Morera ya Domènech i Montaner. Namba 41 ni Casa Amatller, ya mwenye kiwanda cha chokoleti, aliyojengewa upya na Puig i Cadafalch kati ya 1898 na 1900, ina kilele cha ngazi-ngazi. Namba 43 ndiyo Casa Batlló, ambayo Gaudí aliichukua ikiwa nyumba ya kawaida akaivisha upya kati ya 1904 na 1906.

Samahani kwa wanaoipenda, mimi Casa Batlló ilinichosha. Ni kama bibi harusi aliyevaa dhahabu zote za ukoo siku moja. Nilimpenda muuza chokoleti. Mlango wake una mtu anapigana na joka, kazi ya mchongaji kweli, na mdogo wangu alinipiga picha pale nikiwa nimesimama kama mwenye nyumba. Nilimwambia amwandikie shemeji yake kwamba kuna soko la kakao ya Kyela.

Kwenye ile namba 35 nilisikia habari iliyonifanya nitamani kukaa chini. Sakafu ya chini ilikuwa na sanamu za mawe, kazi ya Eusebi Arnau. Mwaka 1943 duka la kifahari likaingia pale, likataka madirisha makubwa ya kuonyeshea bidhaa, na sanamu zikavunjwa. Nilidhani ni sisi tu! Dodoma mjini, pale Uhindini, kuna maduka ya zamani ya ghorofa moja, yenye mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye ukingo wa saruji juu ya paa na maua pembeni, kazi ya mwashi aliyekuwa na subira. Leo ukitaka kuusoma huo mwaka lazima uchungulie nyuma ya bango la wakala wa fedha.

Tiketi za kuingia ndani zilikuwa ghali, tukachagua nyumba moja, namba 92, Casa Milà. Watu wa Barcelona walipoiona ikijengwa, kati ya 1906 na 1912, waliidhihaki wakaiita La Pedrera, yaani machimbo ya mawe. Jina likaganda mpaka leo, na mwaka 1984 UNESCO ikayaingiza hayo machimbo kwenye urithi wa dunia. Mimi kokoto zangu nazitoa machimbo. Nimeona mlima ukimegwa tangu mtoto. Kwa hiyo niliposimama mbele ya ule ukuta unaopinda kama shuka lililoanikwa, sikuona dhihaka. Niliona pale mtu aliyelitazama jiwe kabla hajaliita tofali.

Ndani nilijifunza kwamba ule ukuta wa mawe haubebi nyumba. Uzito uko kwenye nguzo na vyuma, ukuta unajibeba wenyewe tu na umefungwa kwenye sakafu kwa vyuma vilivyopindwa. Hivyo vyumba unaweza kuvihamisha upendavyo, hakuna ukuta wa ndani unaobeba kitu. Mafundi wetu wa ghorofa wanafanya hivyohivyo leo, nguzo kwanza kuta baadaye. Na chini, sakafuni, nikakikuta kigae changu, cha kijani kile cha mwanzo, kimelainika kwa nyayo za miaka zaidi ya mia. Mlinzi wa mle alinikataza kuchuchumaa. Alinikataza kwa upole, lakini alinikataza.

Jambo lingine la Casa Milà lililonipa faraja ya ajabu: mwenye nyumba na Gaudí waligombana juu ya malipo, wakafikishana mahakamani, na Gaudí akashinda. Mwaka juzi nilitandika uwanja wa taasisi moja, sitaitaja, na invoisi yangu imekaa kwenye meza moja mpaka karatasi imebadilika rangi. Niliposikia ile kesi nilimwambia mdogo wangu, “Kumbe!” Akasema, “Dada, na yeye alikuwa Gaudí.”

Sasa maduka, kwa sababu ndiyo mnayoyasubiri.

Yapo yote. Chanel, Gucci, Louis Vuitton, Hermès, majina ambayo Dodoma tunayajua vizuri kutoka kwenye mikoba ya shilingi elfu ishirini na tano. Madirisha yao yana vitu vichache mno. Hicho ndicho kilichonishangaza. Kwetu duka likiwa na mali huonekana kwa kujaa: mabeseni yananing’inia, magodoro yameegemezwa nje, kanga zimepangwa hadi darini. Kule, kadiri duka linavyokuwa ghali ndivyo linavyokuwa tupu. Dirisha zima, mita nne, kiatu kimoja. Nafasi yenyewe ndiyo inayouzwa.

Niliona mkoba mmoja wa kahawia, mdogo, hauingii hata chupa ya maji. Nikazidisha bei kwa shilingi, ikaja karibu milioni saba. Nikagawanya kwa bei ya pevingi, maana hesabu yangu mimi haiishii kwenye fedha, inaishia kwenye mita za mraba: zaidi ya mita mia tatu. Ule mkoba ni uwanja wa shule ya msingi.

Kwenye duka moja mlinzi alinitazama viatu, akapanda na macho taratibu mpaka kichwani, akarudi tena kwenye viatu. Hakusema kitu. Mdogo wangu alitaka tuingie kwa hasira, nikakataa. Nilikuwa nimesoma asubuhi ileile jinsi Gaudí alivyokufa: Juni 1926 aligongwa na tramu, mzee wa miaka 73, nguo zimechakaa, hana vitambulisho, watu wakadhani ni ombaomba, na msaada ukachelewa. Aliyeufanya mtaa ule ujulikane duniani, angekuja siku ile na koti lake lile, yule mlinzi angemtazama viatu vilevile.

Tukanunua mahindi? Hakuna mahindi ya kuchoma Passeig de Gràcia. Tukanunua maji, tukakaa.

Hapo kwenye kukaa nataka kupunguza mwendo kidogo. Kuna taa za barabarani za chuma, zimesukwa kama kazi ya mhunzi mwenye wazimu mzuri, na mguu wa kila taa umejengewa benchi la kupinda lililofunikwa vipande vyeupe vya vigae vilivyovunjika. Wageni wengi wanadhani ni kazi ya Gaudí. Aliyezichora ni Pere Falqués, msanifu wa manispaa, mwaka 1906. Mfanyakazi wa halmashauri, kwa maneno mengine. Vigae vilivyovunjika, ambavyo mimi huwa nawaambia vijana wavisombe wakajazie shimo, huyu bwana alivipangilia, na miaka mia moja na zaidi baadaye mama kutoka Kizota akavikalia miguu ikiwa inamuuma, bure.

Tulikaa zaidi ya saa moja. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja na mfuko wa mboga, akavua kiatu, akasugua kidole, akavaa, akaondoka. Miti mikubwa ilitupa kivuli. Hakuna aliyetuuliza tunanunua nini. Mdogo wangu alinieleza mambo yake ya huko ambayo kwenye simu hajawahi kunieleza, na hayo hayawahusu.

Niliporudi Dodoma, Jumamosi ya kwanza nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe pale: nilitembea mjini kama mgeni. Nilianzia stesheni ya zamani, ile ya reli ya Mjerumani, nikaipita hoteli ya zamani ya reli, nikaenda kumsalimia Mwalimu kwenye Nyerere Square, nikapita Uhindini, nikamalizia mtaa wa One Way jioni. Mambo mawili yalikuwa wazi kabla sijafika nusu.

La kwanza, kivuli hakuna. Jua la Dodoma ni la uwanda wa juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, kuna upepo kwa hiyo huhisi linavyokuchoma mpaka usiku. Watu wanatembea wamejibana ukutani kwenye kivuli cha kibaraza. Pale mti ulipo, chini yake kuna bodaboda kumi, fundi viatu, muuza vocha na mabishano ya Simba na Yanga. Mti mmoja unafanya kazi ya benchi ishirini.

La pili ni chini. Nimetembea juu ya pevingi zangu mwenyewe, nikazitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Kuna kipande tulikitandika vizuri, mzee alikipima kwa pimamaji kila hatua. Wiki chache baadaye wakaja watu wa kufukua, wakafukua, wakazika chao, wakazirudisha pevingi kama mtu anayerudisha karata kwenye pakiti. Nyingine zimelala kichwa chini. Niliona mama ana mtoto mgongoni akijikwaa palepale. Nikamwambia pole, akasema asante, hakujua ni kwa nini nilikuwa nimefura.

Lakini One Way jioni, hapo mji wangu ulinifurahisha. Taa za maduka zinawaka, kuna mitumba ya kuchambua, kuna muziki wa spika tatu zinazogombana, kuna vitenge, kuna mabinti wanaotoka kazini wamevaa vizuri wanatembea bila haraka yoyote, wanatazama na kutazamwa. Na Bunge la bajeti likianza Aprili, utaona na mikoba mingine inapita ambayo si ya elfu ishirini na tano, na bei ya vyumba na ya kuku wa kienyeji inapanda siku hiyohiyo. Passeig yetu ipo. Haikuchorwa na Toronto wala na mtu yeyote.

Jumatatu nikamkuta mzee Kizota.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mama. Mbukwa. Umeleta nini?”

Nikamwonyesha picha za kigae. Akazitazama muda mrefu, akazikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na mjukuu wake. Akasema, “Huyu alikuwa mvivu mwenye akili. Kalibu moja.” Nilitaka kumkumbatia.

Tukaamua tutengeneze chetu. Pembe sita, kalibu moja. Konokono na kiti cha pweza havituhusu, bahari iko mbali. Tukakubaliana tembo. Mnajua hadithi ya mji: tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akazama, na Wagogo wakasema idodomya, amezama. (Wapo wanaosema si tembo, walikuwa ng’ombe walioibwa, wezi wakachomeka mikia kwenye tope ili wenyewe waamini mifugo imezama. Mzee ni Mgogo na hapendi toleo hilo.) Nikachora mkonga kona moja, sikio kona nyingine, mgongo upande wa tatu. Fundi seremala akachonga, tukafyatua saba.

Tukazipanga uwanjani. Mkonga ukatokea mkiani.

Nilikuwa nimesahau kwamba kigae kikizungushwa, upande unaokutana nao si ule ulioufikiria. Mzee alizunguka ile kazi mara mbili, mikono nyuma. “Huyu tembo anajinusa,” akasema, akaenda kunywa chai.

Raundi ya pili mchoro ulikubali. Lakini wiki ile mgawo wa maji ukatukuta tanki limeshuka, siku tatu hatukumwagilia ipasavyo, na saruji isiyonyweshwa haina adabu: ikapasuka nywele-nywele juu ya mgongo wote. Raundi ya tatu tulifunika kwa magunia yaliyolowa, kijana mmoja akalala kiwandani, akaamka usiku kumwagilia kama mtu mwenye mgonjwa. Saba zikatoka safi. Tembo kamili, mkonga umeinuka, miguu inaishia kwenye mistari ya mawimbi ambayo ndiyo tope.

Mteja bado hatujampata. Mmoja alikuja, akasema ni nzuri, akauliza kama tunaweza kuiondoa michoro ili bei ishuke. Kwa hiyo zile saba tulizitandika nje ya geti, mbele ya kibanda cha mama anayetupikia, kwenye kale kaeneo kanakogeuka tope kila Januari. Nilipima mwenyewe. Pembeni kijana wetu amejenga kiti kwa vipande vilivyopasuka vya raundi ya pili, kimepinda kidogo, lakini kinakalika.

Siku ya tatu nikapita asubuhi. Mama ameshaweka jiko la mkaa juu ya kigae cha katikati, sufuria ya maharage inachemka, majivu yamedondokea mkonga.

“Dada,” nikamwambia, “jiko umeliweka juu ya tembo.”

Akainama akatazama, akafuta majivu kwa ncha ya kanga, akalirudisha jiko palepale.

“Si ndiyo huyohuyo alizama?”